Uso Chini ya Khanga

Kengele ya mapumziko ilipogongwa, maziwa yalitoka yenyewe. Nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule moja karibu na Mbamba Bay, na mwanangu Scolastika alikuwa mbali nami, juu milimani, kwa mama yangu upande wa Mbinga. Lakini matiti hayakujua habari za umbali. Yalikuwa yamezoea kwamba saa ile nakimbilia nyumbani, nafunga mlango, namlaza mtoto mapajani, namfunika khanga, ananyonya. Sasa nilibana daftari la mahudhurio kifuani, nikawaambia watoto watoke taratibu, kisha nikaenda nyuma ya miamba ufukweni kukamua.

Nilikamua kwenye kikombe cha bati na kumwaga ziwani. Sikutaka yakauke. Kukauka kungekuwa kama kusema sina mtoto.

Skola alikuwa ameugua malaria mara mbili kabla hajajua kukaa. Mara ya pili Mama alishuka mwenyewe kutoka milimani, akamfunga mgongoni.

"Huku kuna joto na mbu," alisema. "Akipata nguvu utamchukua. Wifi yako ananyonyesha, na maziwa yake yanatosha wawili."

Mume wangu, Placidi, alikuwa masomoni Morogoro, na mimi sijui kubishana na Mama. Niliitikia tu. Lori lilipoanza kupanda mlima nilijikuta nimebaki na kofia ya sufu ya mtoto mkononi.

Jirani yangu, Mama Urbani, alikuwa anauza usipa pale ufukweni, samaki wadogo walioanikwa mchangani. Aliuza huku mwanawe ameng'ang'ania titi. Mkono mmoja ulimshika mtoto, mwingine ulipima usipa kwa bakuli, na mdomo ulibishana na wateja. Hakuna aliyemshangaa. Mimi nilishindwa kufanya hivyo hata mbele yake. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu ajisitiri, na somo hilo sikuhitaji kufundishwa mara mbili. Skola alipolia kanisani, nilitoka nikazunguka hadi nyuma ya ukuta, na huko nako nilimfunika.

"Mwalimu," Mama Urbani aliwahi kuniambia, "mwanao anakula gizani kama mchawi."

Nilicheka, nikavuta khanga vizuri zaidi.

Baada ya Skola kuondoka, nilianza kwenda kununua usipa hata siku ambazo sikuwa na haja nao. Nilikuwa namtazama yule mtoto. Katikati ya kunyonya alikuwa anaachia ghafla, anainua macho, anamwangalia mama yake usoni, maziwa yakiwa bado mdomoni, kisha anatabasamu na kurudi kazini. Nilijua kisogo cha Skola, joto lake na jinsi anavyopumua akishiba. Macho yake wakati ananyonya sikuwahi kuyaona.

Likizo ya Pasaka ilipokaribia, wafanyabiashara walileta kwa boti sabuni kutoka ng'ambo, Malawi. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka hiyo, na vitu vilijaa sokoni. Sisi tuliowahi kufulia majani ya mpapai sabuni ilipoadimika, tulisimama mbele ya zile za kunukia tukazigusa kama mayai. Nilichagua yenye karatasi ya waridi. Nilitaka mwanangu anipokee nikiwa nanukia vizuri.

Nilifika nyumbani kwa Mama jioni, vumbi tupu, nikaenda moja kwa moja kuoga. Nilijisugua mpaka ngozi ikateleza. Ndipo nikaenda jikoni, ambako wifi yangu Gaudiosa, mke wa kaka, alikuwa amekaa na watoto wawili, wake na wangu.

Skola alikuwa amenenepa. Nilimchukua, nikaingia naye chumbani, nikafunga mlango na kumfunika khanga. Alinusa. Akageuza uso, akakakamaa mgongo, akalia kilio ambacho sikukifahamu. Nilimbembeleza hadi sauti yangu ikakauka. Mwishowe Gaudiosa alibisha hodi, akampokea, na mtoto akanyamaza kabla hata hajakaa vizuri.

"Unanukia duka, wifi," alisema akicheka. Hakuwa na ubaya wowote. "Kesho atakuzoea."

Kesho hakunizoea, wala keshokutwa yake. Alikubali nimbebe, alikubali uji kutoka mkononi mwangu, lakini kila nilipomwingiza chini ya khanga alilia. Nami kila nilipotaka kujaribu tena, nilioga kwanza. Nilidhani huenda ni jasho langu linalomchukiza. Sabuni ilikuwa inakwisha, na likizo nayo.

"Mwanangu," Mama aliniambia tukichambua maharage ya mbegu, "shule ikifunguliwa akiwa bado anakukataa, abaki. Afya anayo sasa, lakini huwezi kumshusha ziwani mtoto asiyenyonya kwako. Utampa nini? Huku ziwa la wifi yako lipo."

"Na langu?"

Mama alipepeta ungo kidogo. "Lako litakauka. Hutakuwa wa kwanza."

Niliinama kuokota maharage yaliyodondoka, ingawa hayakuwa mengi.

Siku ya kazi ya shamba letu majirani walikuja alfajiri. Kwetu Umatengoni mashamba yako kwenye miteremko, na tunalima ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba mlima mzima, kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kufukia yale majani kwa udongo, mpaka shamba linakuwa mashimo yenye matuta pande zote. Mvua ikija, maji hukaa mashimoni na maharage hukaa juu. Kazi hiyo watu husaidiana. Wenye shamba hupika, na siku hiyo aliyebaki nyumbani kupika alikuwa Gaudiosa.

"Mwalimu naye ana jembe," alisema Valeria, jirani tuliyesoma naye shule ya msingi Kigonsera. "Leo chaki imepumzika."

"Mwache," akajibu mwingine. "Akichimba shimo la duara tutamweka mwanafunzi wake ndani."

Nilichimba. Viganja vilianza kuwaka mapema, na jua lilipotoka kwenye ukungu blauzi ilinata mgongoni. Harufu ya waridi iliondoka kidogo kidogo mpaka nikaisahau. Nilinuka udongo, majani yaliyooza na jasho, kama wenzangu wote. Mama alikuwa ameketi kwenye tuta la juu na Skola, anamchezesha na gunzi la hindi.

Jua lilipopanda, Skola alianza kulia njaa. Nyumba yetu ilikuwa chini bondeni, moshi wa jiko ukionekana mdogo kama uzi. Mama alimwangalia mtoto, akaangalia bonde, kisha akaniangalia.

"Kabla sijamteremsha, jaribu."

"Hapa?"

"Unataka nikujengee chumba?"

Wanawake wa mstari wangu walicheka. Hatua chache pembeni wanaume walikuwa wanapanga majani, na kati yao alikuwepo Katekista Melkior, aliyenifundisha komunyo ya kwanza. Nilikaa tutani, nikawapa mgongo wote, nikamlaza Skola mapajani na kumvutia khanga kichwani kama kawaida yangu. Alipiga mateke. Kijimkono chake kilishika pindo la khanga kikavuta. Nikairudisha. Akavuta tena, kwa hasira safari hii, na khanga ikateleza mpaka shimoni.

Niliinama kuiokota. Shimo lilikuwa refu, na kuifikia kulihitaji nimweke mtoto chini. Nilibaki hivyo, kifua wazi kwenye jua, watu pande zote.

Skola alinyamaza. Alikuwa ananiangalia usoni. Aliangalia kidevu changu, jasho lililokuwa linadondoka puani, akaangalia macho. Alileta pua karibu, akanusa shingo yangu, taratibu, kama mtu anayeingia nyumba aliyowahi kuishi. Kisha akateremka na kufungua kinywa.

Alivuta kwa nguvu mpaka nikauma mdomo. Upande wa pili nao ulianza kumwagika, ukailowesha blauzi, nami sikuziba.

Nilingoja aibu ije. Nyuma yangu Katekista Melkior aliuliza nani amechukua tupa, maana panga lake halikati hata uji. Mtu akamjibu kwamba uji haukatwi. Majembe yakaendelea.

"Mwalimu," Valeria aliita bila kuinua kichwa, "mstari wako nani atamaliza?"

"Nitamaliza mimi," alisema Mama. Alikuwa tayari amechukua jembe langu. Alichimba kidogo, akafukia majani, akakanyaga udongo kwa mguu. Kisha akasema, kana kwamba tulikuwa tunazungumza jambo hilo tangu asubuhi, "Chandarua ukinunue Mbinga kabla hujamshusha ziwani. Na ile kofia uliyobaki nayo haimtoshi tena. Nitamfumia nyingine."

Nilitaka kumjibu, lakini Skola alikuwa ameachia titi. Aliinua macho kwangu. Maziwa yalikuwa mdomoni, yanashuka kidevuni. Niliogopa hata kupumua.

Akatabasamu, akarudi kazini.