Mlango wa Nne

Mama Deki alikuwa ameshapaka rangi milango mitatu ya choo cha wasichana pale chuoni. Alipofika wa nne, brashi ikamgandia mkononi. Mlango ulikuwa umeandikwa kwa kalamu kama ile mingine: jina la mhadhiri wa takwimu, siku, saa, na alichofanya baada ya kufunga ofisi kwa ufunguo. Ila mwandiko huu aliujua. Ile "g" yenye mkia uliojikunja kama wa paka, yeye ndiye aliyemfundisha bintiye, anayesoma hapohapo chuoni. Na bintiye hakuwahi kumwambia neno.

"Mbona umesimama? Tume ya serikali inafika saa nne!" msimamizi wa usafi alifoka.

"Choo hiki kimeziba, bosi. Kimefurika. Uje uone?"

"Funga huko!" Keshaziba pua, huyoo.

Mama Deki akatundika kibao cha KIBOVU.

Tume ikaja na suti zake. Mkuu wa chuo akawaonyesha taa mpya na sanduku la malalamiko, jipya hata vumbi halijapata nafasi ya kulikalia. Mama Deki akamsogelea mwanamke pekee wa tume.

"Mheshimiwa, ukibanwa, ingia cha nne."

"Si kibovu?"

"Tena sana. Ingia tu."

Mheshimiwa alitoka macho mekundu, picha kwenye simu. "Ahsante, mama. Tutafuatilia."

Siku hiyo Mama Deki alipiga deki huku anaimba.

Wakafuatilia kweli. Tume ilikikabidhi chuo zile picha, kichunguze chenyewe. Chuo kikaunda kamati ya kulinganisha mwandiko na karatasi za mitihani. Na kwa kuwa kazi ilitaka mtu wa hesabu, mwenyekiti akawa mhadhiri wa takwimu.

"Kuharibu mali ya chuo," binti alisoma barua, amesimama katikati ya chumba chao. "Nimesimamishwa miaka miwili." Akaikunja. "Mama, ni nani aliyewaonyesha ule mlango?"

Mama Deki aliinama, akakamua tambara lililokuwa kavu.

Jumatatu ikaletwa milango mipya, myeusi tii.

"Sasa waandike mpaka kalamu ziwaishie!" msimamizi alicheka.

Kufika Jumatano, wa nne ulikuwa umechimbwa kwa msumari. Jina lilelile. Mwandiko mwingine.

Mama Deki akachovya tambara, akasugua. Vumbi la rangi likatoka, jina likazidi kung'aa.

"Sugua, mama!" msimamizi alifoka. "Tume inarudi saa nne."