Leo Clemence Hashuki

Uwanja wa Mlola umechongwa ubavuni mwa mlima. Lango la chini limepakana na korongo, halina nyavu, na mpira ukipita pale unaishia kwenye makabichi ya akina Mariamu, wanaolima kule chini. Kwa hiyo iko kanuni tangu zamani: kipa wa akiba ndiye anayeufuata. Na kwa miaka thelathini na tano kipa wa akiba ni Clemence Shemweta.

Tena si kipa wa kubahatisha. Serikali ilimpeleka Ujerumani Mashariki kusomea ufundi mitambo, na timu ya kiwanda alikojifunzia ikamchukua kwa urefu wake. Akasugua benchi misimu miwili kwenye baridi ile. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, kipa namba moja akakimbilia Magharibi kwenye mishahara minono, na kocha akamwambia Clemence: Jumapili unadaka. Alhamisi kiwanda kikafungwa, timu ikavunjwa. Nchi mbili zikawa moja, na ndani ya hiyo moja hapakuwa na nafasi yake. Alirudi na glovu. Mlola wakamcheka kwamba kaenda Ulaya kujifunza kukaa, na maneno hayo yanamuuma hadi leo.

Jumamosi hii maveterani wa Mlola walikuwa na mechi na wenzao wa kijiji cha Mtae. Clemence ana miaka sitini, magoti yamechoka, na mkewe Evelina ameshasema hii ndiyo ya mwisho. Mechi ya kweli hajawahi kuianza hata moja. Basi akawahi uwanjani kabla ya wenzake, akavaa glovu zile zile, zilizoshonwa mpaka uzi umezidi ngozi, akasimama langoni.

Nahodha Athumani akamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leo anadaka Mwalimu Heri. Tunaomba utupishe."

"Sitoki."

"Tutafungwa, mzee."

"Tufungwe nikiwa hapa hapa. Mkitaka kunitoa, leteni machela."

Refa akatazama saa, akapuliza filimbi. Heri akaenda benchi amenuna.

Dakika ya kumi Mtae wakafunga, mpira ukatumbukia korongoni. Uwanja mzima ukamgeukia Clemence, maana ndiyo mazoea. Hata miguu yake ilishaanza kwenda. Akaikatalia, akashika nguzo ya lango.

"Kipa ni mimi," akasema, wote wasikie. "Wa akiba ndiye anayeshuka."

Heri akashuka. Bao la pili, akashuka tena. Clemence alipangua mashuti mawili ya hatari, moja kwa kifua, lakini hakuna aliyepiga makofi. Kabla ya mapumziko shuti la Mtae likapaa juu ya lango, na Heri akashuka mara ya tatu. Alirudi ametota jasho, matope mpaka magotini, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili.

"Mzee," akasema akihema, "kumbe kule chini ni mbali."

"Najua," Clemence akajibu. Akautenga mpira, akawaamuru mabeki wasogee mbele.