Gurudumu la Nne

Wapiganaji walipomvunja Ismaël kidole cha pili, Régina alikuwa amelala kifudifudi katika shamba la muhogo nyuma ya nyumba yake, ameuma ncha ya kitenge ili sauti isimtoke. Kati ya mashina aliona kila kitu. Ismaël, mdogo wake, alikuwa amefungwa kamba kwenye mlango wa gari la kituo cha afya cha Wamaza, na komanda waliyemwita Hervé alikuwa akimuuliza swali lile lile, kwa upole, kama mgeni anayeuliza njia. Gurudumu la nne liko wapi?

Ismaël ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo. Kila habari za watu wa bunduki zilipokaribia, alilipandisha juu ya magogo, akavua magurudumu yote manne, akayapunguza upepo, akayafuta matope, kisha akalipeleka kila moja kwenye nyumba tofauti. Aliyepewa moja hakuambiwa wenzake ni nani. Hivyo hata akipigwa mtu hadi aseme, gari haliendi. Safari hii vita vilikuwa vimerefuka, na magurudumu yalikuwa yamelala majumbani tangu msimu wa mvua uliopita.

Hervé alikuwa amepata matatu. Moja alilitoa Cadette, mke wa mwalimu, baada ya mumewe kuchomwa mgongoni kwa panga lililopashwa moto. Jingine walilikuta chini ya mpunga wa Djafari, ambaye hakusema neno hata walipompiga risasi ya tumbo. Bado alikuwa amelala mlangoni mwake, nzi wameshamjua. La tatu lililetwa na jirani aliyeyaona hayo yote. Hervé alitaka gari libebe bunduki kubwa hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na alisema wazi kwamba huko hatamwacha mtu akiwa hai shimoni.

La nne lilikuwa kwa Régina. Ismaël alijua, na damu ilikuwa ikimtoka puani badala ya jina la dada yake.

"Shefu," alisema, "vidole viko kumi. Leo uko na kazi mingi."

Wapiganaji wawili walicheka kabla ya kujizuia. Hervé hakucheka. Alikivunja cha tatu, kisha akachukua panga na kuliweka shingoni, akalivuta kidogo tu, na mstari mwekundu ukafunguka chini ya kidevu.

Régina akasimama.

Jikoni kwake alipanda juu ya kinu, akanyoosha mikono kwenye uchanja ulio juu ya mafiga. Ismaël alikuwa amemwagiza gurudumu lilazwe mahali penye giza na ubaridi, mbali na moto. Lakini panya walikuwa wameanza kulitafuna chini ya kitanda, na kwao Kabambare kitu unachotaka kidumu hukiweka juu ya moshi, pamoja na mahindi ya mbegu na samaki wakavu. Kwa hiyo alilipandisha huko, kwa upendo. Sasa, akilishusha, aliona mpira umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Aliwafikiria watu wa machimbo ambao hakuwajua hata mmoja. Aliona aibu, na bado miguu yake ikaenda.

Alilibingirisha hadi uwanjani. "Nalileta, shefu. Muache mudogo wangu."

Hervé alitaka kujua lilikuwa limefichwa wapi. Alipojibu kwamba lilikuwa juu ya moto, mahali pa mbegu, mpiganaji mmoja akamuuliza kama alitaka kulipika na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wengine wakacheka. Hervé alisema hata mama yake angefanya hivyo hivyo. Kisha akamgeukia Ismaël.

"Hii mupira itabeba?"

Ismaël aliitazama mipasuko ile. Alimtazama pia dada yake.

"Itabeba. Lakini bunduki iko muzito, shefu. Mujaze mpaka ikuwe ngumu sana."

Halafu, kwa Kibangubangu cha nyumbani, ambacho Hervé hakukielewa, akamwambia taratibu, akimwita kama dada mkubwa anavyoitwa kwao: "Yaya, enda nyuma ya ukuta." Régina akajibanza nyuma ya ukuta wa jikoni.

Walikuwa na mashine ndogo ya kujaza upepo waliyoipora kwa mafundi wa magurudumu. Iliponguruma, Hervé mwenyewe aliinama juu ya gurudumu, akiligonga kwa ngumi na kuagiza upepo uongezwe. Mpira ulipasuka kwa kishindo cha bomu. Pete ya chuma iliyoushika iliruka na kumwondolea Hervé taya. Aliyeshika mashine alianguka chali, kifua kimebonyea. Walinzi waliokuwa barabarani, wakidhani jeshi limeanza kupiga mizinga, walifyatua risasi ovyo huku wakikimbia. Wa uwanjani wakawafuata. Risasi moja ilipita mlangoni mwa gari, ikamchana Ismaël paja.

Hervé hakuwa amekufa. Alitambaa ndani ya damu yake hadi kwenye bastola yake iliyoanguka, akaiinua kumwelekea mtu aliyefungwa.

Régina alitoka nyuma ya ukuta, akaliokota panga lililomdondoka Hervé. Pigo la kwanza lilikata mkono. La pili liliingia shingoni. La tatu halikuwa na haja, na alilipiga.

Kisha akazikata kamba. Alifunga paja la mdogo wake kwa kitenge, akaupitisha begani mwake mkono wa Ismaël ambao haukuvunjwa vidole, wakaingia kwenye muhogo. Ismaël alikuwa mzito, na kila hatua ilimtoa mguno, lakini alikuwa akipumua. Régina aliihesabu kila pumzi kama zawadi.

Mbele, katika majani marefu, sauti ya Cadette iliuliza kwa woga:

"Nani iko huko? Nani iko muzima?"

Régina alijaribu kujibu, neno likakataa kutoka. Ismaël aliinua kichwa kutoka begani mwake.

"Tuko wawili," akaitika. "Yaya ananibeba."