Neno Moja Katika Marko

Siku ya ishirini na sita ya mfungo wake, Insaf hakuweza tena kusimama mbele ya tanuri bila kushika ukuta. Alikula mara moja tu kwa siku, jua likishazama. Mumewe Wadid, mchonga mawe kwenye machimbo ng'ambo ya Nile, alidhani ni nadhiri kama za wanawake wengine wa kanisani kwao. Hakujua kwamba vidonge vya binti yao Yustina, walivyopewa na daktari wa Minya, vilikuwa vimefichwa chini ya godoro tangu mfungo ulipoanza.

Yustina alikuwa na miaka tisa, na mitano kati ya hiyo alikuwa na kifafa. Vidonge vilikipunguza, havikukimaliza. Ndipo Insaf aliposoma katika Injili ya Marko habari za baba aliyempeleka kwa Bwana mwanawe, ambaye pepo alikuwa akimtupa motoni na majini. Mwishoni Bwana aliwaambia wanafunzi kuwa pepo wa namna ile hatoki ila kwa sala na kufunga. Insaf akaona ameandikiwa yeye. Akajiambia kwamba anayefunga huku akimnywesha mtoto dawa hajaamini bado.

Wiki ile Yustina alianguka mara saba.

Ijumaa alikuja Ramsis, kaka yake Insaf, mwalimu wa Kairo, na zawadi ya Biblia mpya ya Kiarabu chepesi. Insaf alimwomba amsomee sura ileile, apate nguvu. Ramsis akasoma mpaka mwisho wa habari, akafunua ukurasa.

"Rudia hapo," Insaf akasema.

"Hatoki ila kwa sala."

"Na kufunga."

"Hapa hakuna kufunga, dada."

Akamnyang'anya kitabu, akaleta cha zamani alichoachiwa na mama yao, akalinganisha mstari kwa mstari kwa kidole. Neno halikuwamo. Na juu kidogo, yule baba anayelia kwamba anaamini, asaidiwe kutoamini kwake: katika cha zamani alisema kwa machozi, katika kipya alisema tu.

"Hata machozi wamemnyima," akasema.

Akamwachia Ramsis mtoto, akavifunga vitabu vyote viwili kwenye shela, akaenda kanisani akipumzika kila kona. Abuna Ghobrial, padri wao, alimkuta ameketi chini mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza bila kumzungusha: Mungu aliwavuvia walioandika, lakini walionakili walikuwa watu wenye wino na usingizi. Katika nakala nyingine za kale neno lile limo, katika nyingine halimo. Akamwonyesha maandishi madogo chini ya ukurasa wa kitabu kipya, yaliyosema hivyohivyo. Insaf hakuwa ameyaona.

"Kwa hiyo nimeshinda na njaa siku ishirini na sita kwa neno la mnakili?"

"Kufunga kumo kwingi katika Maandiko, binti yangu. Hujapoteza kitu."

"Nataka kujua alisema au hakusema."

"Sijui," Abuna akasema. "Nimevaa joho hili miaka arobaini, na sijui." Akakifunga kitabu. "Na yule baba, mimi sihitaji nakala yoyote kuniambia alilia."

Kisha akamuuliza kama mtoto anakunywa dawa zake. Insaf akatazama sakafu. Abuna akauliza tena, na alipojibiwa, sauti yake ikabadilika.

"Mama Yustina, nakala zote, za kale na za jana, hakuna iliyosema umnyime mtoto dawa. Hilo umeliandika wewe."

Hapo Ramsis akaingia uani mwa kanisa mbio, amembeba Yustina. Mtoto alikuwa akitetemeka tangu nyumbani wala hakutulia. Wakachukua gari la Abuna mpaka hospitali ya Minya, Insaf kiti cha nyuma, kichwa cha bintiye mapajani, akijaribu kusali na asipate hata mstari mmoja, wa zamani wala mpya. Alisema "nisaidie" tu njia nzima.

Yustina aliamka siku ya tatu. Mkono wake wa kushoto haukushika kitu tena vizuri. Insaf alimwambia Wadid yote pale korido, na Wadid akatoka, hakuzungumza naye mpaka baada ya Pasaka. Chakula alikula, maji alipokea, ila neno hakumpa.

Sasa kifafa huja mara mbili tatu kwa mwaka. Insaf hupima dawa mwenyewe, asubuhi na jioni, na hufunga siku za kanisa kama watu wengine. Husoma kile kitabu kipya, kwa sababu, alimwambia Abuna, angalau hicho hukiri kile ambacho hakina hakika nacho. Huanza na yale maandishi madogo ya chini, halafu ndipo apande juu.