Fataki Iliyogoma

Baada ya bandeji ya jicho kutolewa, kitu cha kwanza alichokiona mama mkwe alipofika nyumbani kilikuwa utando wa buibui juu ya kabati. Cha pili kilikuwa kitambi cha mwanawe. Kwa miaka mingi mtoto wa jicho alikuwa ameufunika ulimwengu wake kwa ukungu. Sasa, baada ya upasuaji, alizunguka nyumba nzima kama mkaguzi, akishangilia kila alichokiona, kizuri na kibaya. Mke wa mwanawe, msusi mwenye mikono myepesi na moyo mzito, alitabasamu midomo ikiwa imefumbwa. Baadaye, peke yake jikoni, aliyatazama mapazia yake yaliyochujuka rangi, akaona haya.

Upasuaji ule ulikuwa kwa ajili ya harusi ya kitinda mimba. Mama alitaka kumwona binti yake akiolewa, hakutaka kusimuliwa. Ndiyo maana msusi alilishika jicho lile kama yai. Alilitia dawa kwa saa zake, akamkataza mama kuinama, kulifikicha, hata kupita karibu na moshi. Aliposikia kwamba mumewe, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, amenunua fataki za kurushwa uani jioni ya harusi, moyo ulimlipuka kabla ya fataki zenyewe.

Alikwenda kumwuliza daktari. Daktari alimwambia kwamba jicho limepona vizuri, na mama anaweza kutazama fataki bila wasiwasi, mradi akae mbali na avae miwani ya kukinga macho. Msusi aliyasikia yote, lakini alichorudi nacho nyumbani ni lile neno "mbali" peke yake. Akamwekea mama kiti sebuleni, nyuma ya dirisha lililofungwa.

Siku ikafika. Msusi alimsuka bi harusi tangu asubuhi, na mama alipokuja kukagua akasema njia ya nywele imepinda kidogo kushoto. Ilikuwa imepinda kweli. Watu walikula, wakacheza, wakala tena. Giza lilipoanza kuingia, Nyundo aliwasogeza wageni wote hadi ukutani, akaweka ndoo ya maji karibu, kisha akagawa miwani ya karakana, ile mikubwa ya plastiki anayoivaa akipasua mbao. Bwana harusi alifanana na chura. Bi harusi alimtazama, akajitazama kwenye kioo cha mkoba, akacheka hadi shela ikamdondoka.

Msusi alimshika mama mkono ili ampeleke ndani. Mama hakusogea.

"Mwanangu," alisema polepole, "ukungu umenitoka juzi tu. Leo unataka kuniweka nyuma ya kioo?"

Msusi aliuachia mkono wa mama. Wiki zote hizo alikuwa amelilinda jicho, na hakuwahi kumwuliza mwenye jicho anataka kuona nini. Akachukua miwani, akamvika mama, akaukaza mkanda wake juu ya kilemba, akasimama naye ukutani, mkono wake begani kwa yule mzee.

Fataki ya kwanza ilipanda ikichana giza, ikamwaga dhahabu. Mama alitaja rangi kwa sauti kila zilipofunguka, nyekundu, kijani, zambarau, kama anayewaita watu aliopotezana nao zamani. Kisha moja ikagoma. Ilifoka kidogo, ikanyamaza. Nyundo alingoja. Jasho lilikuwa limetia ukungu kwenye miwani yake, akaipandisha kwenye paji la uso, akaanza kuiendea. Kwa wageni wote fataki ile ilikuwa imekufa.

Mama aliubana mkono wa msusi.

"Nyundo, rudi. Inawaka."

"Imezimika, mama."

"Nimesema rudi. Moto nauona."

Hakupaza sauti. Aliitumia ile aliyomwitia kuoga alipokuwa mdogo, na baba mzima mwenye ndevu na kitambi akageuka. Hakuwa amefika ukutani fataki ilipofyatuka nyuma yake, ikaunguruma na kumwaga cheche palepale alipokuwa anakwenda kuinamisha uso.

Nyundo alikuja kupiga magoti mbele ya mama yake. Mama akamgonga miwani kwa kidole, pale ilipokuwa imekaa juu ya nyusi.

"Hii umelinunulia paji la uso?"

Wageni wakaangua kicheko, cha woga mwanzoni, kisha cha furaha tupu. Nyundo akaishusha miwani yake, akamwaga maji juu ya mabaki ya ile fataki hadi yakaacha kufuka, na zilizobaki akaziwasha kwa ufito mrefu, mkono ameunyoosha, uso ameugeuzia pembeni. Kila aliporudi nyuma alimtazama mama yake kwanza, naye alimkubalia kwa kichwa kama mwamuzi wa mpira.

Msusi alicheka. Machozi yalimtiririka ndani ya miwani, akashindwa kuyafuta, akazidi kucheka. Alipotulia kidogo aliona kwamba mama ameuacha mwanga juu na kumgeukia yeye, anamtazama usoni kwa makini, karibu kabisa.

"Kumbe una mwanya," mama alisema. "Miaka yote hii, hakuna aliyeniambia."

Mkono wa msusi uliinuka kufunika kinywa, ukaishia njiani. Juu yao anga lilipasuka kwa buluu na nyeupe, watu wakashangilia, na mama bado hakuinua macho.