Hodi ya Tatu

Usiku wa jana niliota nimekaa sebuleni kwangu, na dada yangu Shemsa yuko nje. Ametoka Tanga kuja kunichukua. Alishaniambia: "Simu hupokei, nje hutoki. Nitapiga hodi tatu kama ilivyo ada. Usipoitika, narudi zangu, na sikusumbui tena." Na Shemsa akisema, amesema.

"Hodi!"

Nainuka kufungua. Wasiwasi, mgeni wangu tangu masika, ameketi kwenye stuli akitafuna kucha zangu. Ananizuia.

"Je, akiona vyombo hujaosha?"

Mlango wa pili ukachomoza ukutani.

"Je, akiona ulivyokonda, akalia? Je, asipolia?"

Miwili mingine.

"We bwana, hebu nyamaza!"

"Je, nikinyamaza?"

Mwingine tena.

Sasa tuko gengeni, na milango imepangwa kwa mafungu kama nyanya. Nashika huu, naminya ule, naacha. Kila komeo linaniambia, "Si mimi."

"Hodi!" Ya pili hiyo, na imetoka kwenye milango yote.

Nataka kukimbia, miguu haitoki. Sonona, mwenzake Wasiwasi, ameikalia, mzito kama gunia la mkaa lililonyeshewa.

"Milango yote ni ile ile," anasema huku akipiga miayo. "Ukifungua utachoka, usipofungua utachoka. Lala."

Yarabi, watu hawa! Mmoja ananiongezea milango, mwingine ananiambia yote haina maana, na wote wawili nawalisha mimi! Nikaligeukia birika la muuza kahawa wa pale gengeni.

"Nichague upi?"

"Lo, mwanamke wewe!" likafoka. "Nani kakuuliza habari za mlango? Umepigiwa hodi! Huna mdomo?"

Hasira zikanipanda. Nikapiga ukelele: "Karibu! Karibu, dada! Vyombo vichafu, na mimi mchafu, karibu hivyo hivyo!"

Nikaamka, koo linaniwasha. Kumekucha. Nje kimya. Nikadhani hodi ya tatu imenipita usingizini: amekwenda.

"Haya, nimesikia, na mtaa mzima umesikia," akasema Shemsa. "Fungua basi, mdogo wangu."

Nikajikokota, miguu imekufa ganzi. Mlango ulikuwa mmoja tu. Shemsa akanikumbatia, vyombo hakuvitazama, akaenda kukaa kitandani upande wa miguuni. Akainuka upesi, akapapasa godoro. Lilikuwa limebonyea, na bado lina joto.

"Nani alikaa hapa?" akauliza. "Mzito huyo!"

Nikaitazama miguu yangu.

"Basi asirudi," akasema, akaketi pale pale. "Nimekaa mimi."