Kiwanja cha Bwana Shamba

Upande wa Uganda wa mji wa Busia, nyuma ya maduka ya mabati na saruji, palikuwa na kiwanja tulichokiita cha Bwana Shamba. Wazee walisema zamani afisa wa kilimo alilima pale mahindi ya mfano, ili wakulima kutoka Masafu na kwingineko waje wajionee. Afisa akahamishwa, mahindi yakaisha, ardhi ikabaki mali ya mji. Mbuzi walikula nyasi pale, na watu walipita wakikata njia kwenda sokoni. Hakuna aliyekifikiria sana kiwanja hicho mpaka Asekenye alipochimba mashimo mawili na kusimika nguzo za netiboli.

Asekenye alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti nzito na kicheko cha ghafla. Alipokuwa msichana, kwao Rubongi, alichezea timu ya shule. Kisha akaolewa na Opolot, akamzaa Aanyu na mwingine, akausahau mpira. Mtoto wake wa pili alipofariki kwa homa, alijifungia ndani muda mrefu hata Opolot akaogopa kwenda kazini na kumwacha peke yake. Asubuhi moja alitoka, akaenda dukani, akarudi na mpira. Alikuwa akiurusha kwenye kile kiwanja, akiukimbilia na kuurusha tena, na sisi majirani tukasema huzuni imemvuruga akili.

Roselyn ndiye aliyemwendea. Huyu alikuwa Mkenya, mrefu, mwenye maneno mengi, aliyevuka mpaka kila asubuhi na mzigo wa mitumba kichwani na kuutandaza kando ya barabara karibu na kiwanja. Alimtazama Asekenye siku kadhaa, halafu akaacha nguo zake chini.

"Mama Aanyu, mpira hauchezwi na mtu mmoja," akasema. "Hebu nirushie."

Timu ilianza hivyo. Wakaja wauza mboga, wasusi, mwalimu wa chekechea, na bibi mmoja aliyeitwa Abbo ambaye hakuweza kukimbia lakini alikataa kukaa pembeni. Jumapili baada ya kanisa, vyombo vikishaoshwa, walijifunga leso viunoni na kucheza mpaka jua linapungua. Waligombana kwa Kiteso, kwa Kisamia na kwa Kiswahili, wakacheka kwa lugha zote hizo. Waume walikuja kutazama wakijifanya wanapita. Opolot aliwahi kuniambia kwamba siku alipomsikia mkewe akicheka tena kule kiwanjani, aliegemeza baiskeli ukutani akakaa chini.

Jumatatu moja tuliamka tukakuta marundo ya murram, udongo mwekundu wa barabara, katikati ya kiwanja, na nguzo zote mbili zimelala chini. Habari zikafika kabla ya saa sita mchana: tajiri mmoja wa malori amekipata kiwanja, atajenga yadi ya kuegesha matrela yanayosubiri kuvuka.

Asekenye alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akiwa na Roselyn na wengine nyuma yake.

"Mama Aanyu, hiyo maneno iko juu yangu," mwenyekiti akasema.

"Juu wapi?"

"Juu."

"Sasa wewe tulikuchagua ukae chini ya nani?"

Mwenyekiti aliwapa viti, lakini walikataa kukaa.

Jioni ile wanawake walirudi na majembe na karai. Waliyashambulia yale marundo, wakayabeba na kuyamwaga kwenye mashimo ya barabara yetu ambayo manispaa ilikuwa imeyasahau. Nguzo wakazisimika upya. Na kuanzia hapo hawakungoja tena Jumapili, wakacheza kila jioni, wachovu hivyo hivyo, wengine na watoto mgongoni. Greda lilipokuja walikaa chini mbele yake. Dereva alizima injini, akawatazama, akaomba maji ya kunywa, kisha akarudi alikotoka.

Redio ya Tororo ikatuma mwandishi. Asekenye aliongea kwa sauti yake ile nzito, akasema watoto wa mji huu watachezea kati ya magari, na mtu akifiwa hapa mjini hana pa kuweka wageni ila kiwanja hiki. Wiki hiyo mkubwa mmoja wa manispaa alikuja na gari, akasimama juu ya kiti, akatangaza kwamba kiwanja ni cha wananchi na hakitaguswa. Tulipiga vigelegele. Roselyn alimnyanyua Asekenye mzima mzima, mnene alivyokuwa, akamzungusha mpaka wote wawili wakaanguka kwenye nyasi. Sijawahi kuona tena mtaa wetu una furaha namna ile.

Mvua zikaja, zikaisha. Hakuna greda lililorudi. Aliyekuja ni Levis, mtu wa yule tajiri wa malori.

Levis alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Hakumtisha mtu wala hakuitisha mkutano. Aliwatembelea wanawake nyumbani, mmoja baada ya mwingine, akanywa chai yao, akauliza habari za watoto kwa majina. Kando ya ukuta wa yadi, alisema, vitajengwa vibanda vya biashara, vya mabati, vyenye mlango na kufuli. Madereva wanahitaji kula na kuvaa. Vibanda hivyo wapewe akina nani, kama si akina mama waliokuwa wakicheza pale?

Kwa Roselyn alikwenda wakati mzuri. Msimu ule askari wa manispaa walikuwa wamechukua mitumba yake mara ya pili, na upande wa Kenya wakamfukuza kwenye veranda alikojaribu kuuzia. Alikuwa na watoto watatu kwa mama yake ng'ambo, na mama mwenyewe alikuwa mgonjwa.

"Jua limekuchoma miaka mingi, mama," Levis alimwambia. "Ukipata paa, nani amekosa?"

Asekenye aliona tu timu ikipungua. Huyu goti linauma, yule amefiwa kijijini Kwapa, mwingine ana wageni. Alidhani ni uchovu, utapita. Akaendelea kuwashonea sare mpya, za bluu, kwa kitambaa alichonunua mwenyewe. Mpaka jioni moja alipomkuta msusi aliyekuwa mlinzi wao hodari akipima kwa hatua pembeni mwa kiwanja, akimwonyesha dada yake mahali mlango utakapokuwa. Msusi alipomwona, aliinamisha uso akaondoka bila kusalimia.

Asekenye alimfuata Roselyn barabarani.

"Na wewe?" akamuuliza.

Roselyn alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Kila siku nilitaka kukuambia."

Asekenye alirudi nyumbani. Opolot anasema alikata sare zile zote vipande vya kufutia cherehani, taratibu, bila kulia.

Levis alimwendea yeye mwisho wa wote. Alimpa kibanda cha kona, kikubwa kuliko vingine. Asekenye alimwambia anywe chai yake amalize, kisha asikanyage tena pale.

Greda lilirudi na dereva mwingine, na polisi. Asekenye alikwenda kiwanjani na mpira wake. Abbo peke yake ndiye aliyemfuata, akitembea polepole na fimbo. Wawili hao wakakaa chini katikati. Asekenye alikuwa akigeuka kuangalia njia ya sokoni, kisha njia ya kanisani, kisha barabara, kama mtu anayengoja wageni. Sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara, wengi tu. Wanaume tulikuwa na mikono mfukoni. Wanawake wa timu walisimama nyuma ya maduka wakichungulia. Nilijiambia nitavuka akivuka mwingine.

Afande alimwendea Asekenye kwa upole.

"Mama, amka."

"Hii kiwanja ni ya mji."

"Najua. Amka."

"Kama unajua, mbona mimi ndiyo unaniamsha?"

Afande aliwatazama wenzake. Walimshika mikono na miguu, wakambeba mpaka kwenye gari. Kiatu kimoja kilianguka, na Abbo akakiokota, akabaki amekishika huku greda likipita pembeni yake. Nguzo ya kwanza ilivunjika kama bua la mtama.

Walimweka kituoni siku chache. Roselyn ndiye aliyempelekea chakula kila mchana: ugali wa posho, maharagwe, siku nyingine samaki. Siku mbili za kwanza Asekenye hakukigusa. Siku iliyofuata alikula, kwa sababu alikuwa na njaa, na Roselyn akakaa kwenye benchi upande wa pili wa nondo.

"Ungewaambia wote wakatae," Asekenye akasema. "Wewe wangekusikiliza."

"Ningewaambia wakatae halafu wale nini?"

"Tulikuwa tumeshinda, Roselyn."

"Wewe ulikuwa umeshinda, Mama Aanyu. Una cherehani, una mume, una nyumba. Ukitoka kucheza unarudi ndani. Mimi nikitoka kucheza narudi barabarani, na barabarani nafukuzwa. Hicho kiwanja nilikipenda. Nilikipenda sana, Mungu anajua. Lakini hakikunificha mvua hata siku moja."

"Hukuniambia hayo."

"Hukuuliza."

Asekenye alirudisha sahani kupitia kwenye nondo.

"Na sasa watoto watacheza wapi?"

"Sijui," Roselyn akasema, na akaanza kulia. "Wangu watakuwa na karo. Hilo tu ndilo najua."

Waliachana hivyo. Asekenye aliachiwa bila kupelekwa mahakamani, akaonywa asionekane tena karibu na pale. Opolot alimchukua kwa baiskeli, na watu walipomsalimia njiani aliwaitikia vizuri, kila mmoja, kwa jina, jambo lililotuuma kuliko kama angetutukana.

Ukuta ulijengwa, mrefu kuliko tulivyodhani. Malori yakaingia, mchana na usiku, na harufu ya dizeli ikaingia katika nguo zilizoanikwa. Njia ya kukata kwenda sokoni ikafungwa, kwa hiyo watu hawakupita tena mbele ya nyumba ya Asekenye. Kazi ya cherehani ikapungua, kisha ikakaribia kukatika. Watoto walihamia kuchezea barabarani. Mwezi wa tano gari dogo lilimgonga mtoto wa mwalimu wa chekechea akavunjika mguu. Mwalimu alikuwa na kibanda kule ukutani. Alikifunga wiki moja, kisha akakifungua, kwa sababu mguu ulitaka dawa.

Kazi ikiwa imepotea, Asekenye alianza kushona maturubai. Upepo na mizigo huyachana, na dereva hawezi kuvuka na turubai lililochanika. Mara ya kwanza aliletewa nyumbani. Lakini turubai la trela halienei uani, na siku nyingine likawa limelowa, halibebeki. Ikabidi aende kulishonea ndani ya yadi. Mlinzi wa langoni, mgeni kutoka mbali, alimuuliza anamtafuta nani humo. Asekenye alimwambia jina la dereva, akaingia. Baada ya hapo alikwenda karibu kila siku. Walipokutana na Roselyn, ambaye kibandani mwake sasa alipikia madereva, walisalimiana: habari za asubuhi, habari za watoto. Hawakugombana. Abbo alifariki mwaka huo, wakapika pamoja msibani, wakagawana kazi bila kutazamana.

Siku moja wanawake watatu walikuja wakimuulizia. Mkubwa wao aliitwa Apio, alikuwa bado kijana, kitambaa kichwani, vumbi la safari miguuni. Walitoka Tororo mjini. Walimkuta amepiga magoti juu ya turubai, sindano kubwa mkononi.

"Wewe ndiyo ile mama wa redio?" Apio akauliza.

"Hiyo ilikuwa zamani."

Apio akaeleza. Walikuwa na kiwanja karibu na soko, ndicho pekee cha watoto wa mtaa wao. Mtu amekuja kupima na kuweka mawe ya mpaka. Wamekusanyika wanawake arobaini na zaidi, wamekubaliana hawatoki.

"Sisi tunataka kufanya kama nyinyi. Tuambie mlianza namna gani."

Asekenye aliwaambia yote: marundo ya murram, mkubwa wa manispaa juu ya kiti, vigelegele. Macho yao yaling'aa. Kisha akarudi kwenye sindano yake.

"Halafu?" Apio akasema.

"Halafu ndiyo hapa." Akapiga turubai kwa kiganja. "Hapa mlipokanyaga."

Wanawake wakatazama chini, kisha wakatazama malori.

"Na wenzako wako wapi?"

"Wako hapo ukutani. Mkitaka chakula, yule mrefu anapika vizuri."

Apio alichuchumaa karibu naye, kama binti anayengoja kufundishwa.

"Watakuja kwenu mmoja mmoja," Asekenye akamwambia. "Hawatakuja na fimbo. Kila mmoja watamletea kitu anachokosa. Na hawatadanganya, watakitoa kweli."

"Sasa tuwaambie nini wenzetu?"

Asekenye alivuta uzi mpaka ukakaza. Lori lilikuwa likirudi nyuma, utingo wake akipiga kelele.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nimejiuliza mpaka nimechoka. Sijui."

Walimshukuru, wakaandika namba yake, wakaondoka.

Apio alipiga simu msimu wa kuvuna mtama. Asekenye alikuwa yadini. Aliweka sindano chini, akaziba sikio moja kwa sababu ya injini.

"Mama, wameanza kuja," Apio akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa dada yangu. Mume wake ni mgonjwa, wamesema watamtibu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ameniuliza mimi akatae au akubali. Nimwambie nini?"

Asekenye alitaka kusema mwambie akatae. Alimwona mgonjwa ambaye hajawahi kumwona, amelala kitandani, na akaona pia watoto wa mtaa asioujua wakikimbiza mpira kati ya magari.

"Pole, mwanangu," akasema mwishowe. "Pole sana."

Apio alingoja. Walibaki hivyo, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka muda wa maongezi wa Apio ukaisha na simu ikakatika. Dereva akaja kuuliza kama turubai lake liko tayari, maana foleni ya mpakani ilikuwa imeanza kusogea. Asekenye akamwambia bado kidogo.